Biti 32 au biti 64: namna ya kuamua mfumo endeshi unaoifaa kompyuta yako

Mtu akiuliza aweke mfumo endeshi wa biti 32 au wa biti 64, haraka huulizwa naye: "Una RAM kiasi gani?" Swali hilo lina nafasi yake, ila si la kwanza. La kwanza ni kichakataji, la pili ni BIOS au UEFI ya mashine (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya mfumo endeshi), kisha vifaa vilivyochomekwa na programu unazozitegemea. RAM ina uzito mdogo kuliko hivyo vyote, na mara nyingi haibadilishi uamuzi.

Msimamo wetu ni huu: kichakataji kikiruhusu biti 64, weka biti 64. Watakaobaki na biti 32 ni wenye mashine isiyoweza kabisa, wenye RAM isiyofika GB 1, wenye kifaa ambacho draiva yake (programu inayokiunganisha na mfumo) haikuwahi kutengenezwa upya, na wenye programu ya enzi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, wasiyoweza kuiacha. Fuata hatua zilizo hapa chini ujue kama wewe ni mmoja wao, na uzifuate kabla hujafuta diski.

Kinachotofautiana hasa

Kichakataji hufikia kumbukumbu kwa namba za anwani, na kila baiti ina namba yake. Namba ya biti 32, yaani yenye tarakimu 32 za 0 au 1, inaishia kwenye anwani 4,294,967,296, yaani GB 4, basi. Tena hizo zote haziendi kwa RAM. Kadi ya michoro, kadi ya mtandao na vifaa vingine navyo vinataka anwani, na hukatiwa eneo lao upande wa juu wa hizo GB 4. Ndiyo maana Windows ya biti 32 kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 huonyesha GB 3 na ushei. RAM haijafa, imekosa anwani tu.

Ipo njia ya mzunguko iitwayo PAE, iliyokuja na kichakataji cha Intel cha Pentium Pro mwaka 1995. Inapanua anwani hadi biti 36, sawa na GB 64. Linux ya biti 32 huitumia vizuri. Windows za kawaida za biti 32, hata PAE ikiwa imewashwa, zimefungiwa kwenye GB 4 kwa makusudi. Na hata pale inapofanya kazi, programu moja moja bado ina anwani zake za biti 32 tu: kwenye Windows hupewa GB 2 kwa kawaida, kwenye Linux GB 3, na zinazobaki ni za mfumo wenyewe. Programu ya kuhariri video inayoanguka kwa kukosa kumbukumbu ilhali mashine ina RAM tele, mara nyingi imegonga ukuta huo.

Biti 64 haikuleta anwani peke yake. Muundo uliotolewa na AMD mwaka 2003, ambao Intel iliufuata mwaka 2004, uliongeza rejista za matumizi ya jumla (vihifadhio vidogo vya haraka ndani ya kichakataji) kutoka 8 hadi 16. Kwa hiyo kubana mafaili, usimbaji fiche na hesabu nzito huenda kasi zaidi hata kwenye mashine ya GB 2. Gharama yake ni kwamba kila anwani inayohifadhiwa ndani ya programu inachukua baiti 8 badala ya 4, hivyo programu ileile hula RAM zaidi kidogo. Hiyo ndiyo hoja pekee ya haki upande wa biti 32 kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo mno.

Majina yanayopoteza watu

Ukifika kwenye ukurasa wa kupakua utakuta majina chungu nzima. i386, i686 na x86 yote humaanisha biti 32. amd64, x86_64 na x64 yote humaanisha biti 64, na ni kitu kimoja. Mwenye Intel asiogope neno amd64: jina limebaki hivyo kwa sababu AMD ndiyo iliyotangulia, lakini faili hilohilo ndilo la Intel. Usichukue ia64, ambayo ni ya Itanium, ukoo mwingine kabisa wa vichakataji. Wala usichukue arm64, isipokuwa mashine yako ina kichakataji cha ARM. Hiyo nayo ni ya biti 64, lakini lugha yake si ya x86.

Hatua ya 1: Kagua kichakataji

Kwenye Windows, fungua Mipangilio, uende "System" kisha "About", usome mstari wa "System type". Mstari huo una habari mbili na watu wengi husoma moja tu: mwanzo wake ni mfumo uliowekwa, mwisho wake ni kichakataji. "32-bit operating system, x64-based processor" maana yake mashine inaweza biti 64 ila imewekewa mfumo wa biti 32. Ukiona "x86-based processor", safari imeishia hapo.

Kwenye Linux, andika lscpu na utazame mstari wa "CPU op-mode(s)". Mstari huo ukisomeka 32-bit, 64-bit, uko salama. Kwa mfumo wa zamani usio na lscpu, andika grep -w lm /proc/cpuinfo; yakitokea maandishi yoyote, kichakataji kinaweza biti 64. Usitegemee uname -m kwa swali hili, maana inaeleza kiini (moyo wa mfumo endeshi) kilichowekwa, si uwezo wa kichakataji.

Usikisie kwa jina au mwaka. Core Duo ya mwaka 2006 ni ya biti 32, Core 2 Duo iliyoifuata mwaka huohuo ni ya biti 64, na vibandiko vyake vinafanana kwa mbali. Pentium 4 nyingine zinaweza, nyingine haziwezi. Atom N270, iliyojaa kwenye laptopu ndogo kuanzia mwaka 2008, haiwezi.

Kikwazo kingine kimejificha hapa: Windows za biti 64 tangu 8.1 zinadai amri kadhaa za kichakataji, ikiwemo CMPXCHG16b, ambazo vichakataji vya mwanzo vya biti 64 havina. Mashine ya namna hiyo itakataa Windows 10 ya biti 64 lakini itaipokea Linux ya biti 64 bila tabu.

Hatua ya 2: Kagua BIOS au UEFI

Mashine yenye BIOS ya kizamani haina shida. Itaanzisha mfumo wa aina yoyote ambayo kichakataji kinaiweza. Taabu iko kwenye UEFI, kwa sababu nayo ina biti zake. Tableti na laptopu ndogo nyingi zenye Atom za kizazi cha Bay Trail zina kichakataji cha biti 64 kilichofungiwa ndani ya UEFI ya biti 32. Windows ya biti 64 haiwezi kuanza humo, na hakuna mpangilio wa kubadilisha hali hiyo.

Kwenye Linux, soma faili hili: cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size. Litakujibu 32 au 64. Faili likiwa halipo, mashine imewashwa kwa BIOS ya kizamani. Kwenye Windows, fungua msinfo32 na utazame "BIOS Mode". Ikiwa ni UEFI na Windows yenyewe ni ya biti 32, basi UEFI ni ya biti 32, kwa kuwa Windows hulazimika kulingana nayo.

Mwenye mashine ya hivyo ana njia mbili: kubaki na Windows ya biti 32, au kuweka Linux ya biti 64 ambayo kisakinishi chake kina faili la bootia32.efi. Tazama ndani ya folda ya EFI/BOOT kwenye flashi. Likiwemo, itawaka, lisipokuwemo, flashi haitaonekana kabisa kwenye orodha ya kuwashia, na utahangaika ukidhani flashi ni mbovu.

Hatua ya 3: RAM

Chini ya GB 1, baki na biti 32 kama bado upo mfumo unaokubalika. Kati ya GB 1 na 2, Linux ya biti 64 yenye eneo-kazi jepesi kama LXQt au Xfce inakwenda, hasa ukiongeza zram, ambayo hubana kurasa za kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe. Kwenye Debian na jamaa zake (aina za Linux) unaweka kifurushi cha zram-tools. Kuanzia GB 4, hakuna mjadala.

Kabla ya kununua RAM zaidi, angalia bodi mama inapokea kiasi gani: sudo dmidecode -t 16, mstari wa "Maximum Capacity". Kisha ujue kuwa hata hapo kuna kikomo cha vifaa vyenyewe. Chipseti (chipu zinazounganisha kichakataji na RAM) za zamani kama Intel 945 zenyewe hazina anwani zaidi ya GB 4, kwa hiyo ukiweka GB 4 na mfumo wa biti 64 bado utaona GB 3 na kitu. Kosa hapo si la mfumo. Kwenye bodi mama zilizofuata, tafuta ndani ya BIOS mpangilio wa "memory remap" na uuwashe; ukizimwa, matokeo ni yaleyale.

Na kama lengo lako lote ni kasi, SSD kwenye mashine ya zamani itakupa zaidi ya kitakachotoka kwenye biti.

Hatua ya 4: Vifaa na draiva

Hapa ndipo wengi hukwama, nao huwa wameshafuta diski.

Programu ya kawaida ya biti 32 huendeshwa na Windows ya biti 64 bila maswali. Draiva haiendi hivyo. Draiva huingia ndani ya kiini cha mfumo, na kiini cha biti 64 hakipokei draiva ya biti 32 kwa namna yoyote. Kinadai pia iwe imetiwa saini ya kidijitali. Skana ya miaka mingi, printa ya ofisini, mashine ya maabara, kadi ya kunasa video: chochote ambacho mtengenezaji aliacha kukihudumia mapema kinaweza kugeuka kuwa pambo.

Fanya hivi. Kwenye dirisha la amri la Windows, andika driverquery /fo csv > draiva.csv, upate orodha ya draiva zote. Kisha fungua "Device Manager", na kwa kila kifaa usichokuwa na hakika nacho, ingia "Details" halafu "Hardware Ids". Utaona alama kama VEN_8086&DEV_ zikifuatiwa na tarakimu, au VID na PID kwa vifaa vya USB. Tafuta draiva ya biti 64 kwa alama hizo, si kwa jina la biashara, kwa sababu jina moja mara nyingi hubeba chipu tofauti ndani. (8086 ni namba ya Intel, kumbukumbu ya kichakataji chake cha mwaka 1978.)

Ukipata draiva, ipakue sasa na uiweke kwenye flashi. Ya kadi ya mtandao itangulie zote: ukiikosa, mfumo mpya hautakuwa na njia ya kupakua zilizobaki.

Vinavyosahaulika ni vitu ambavyo si "vifaa" machoni lakini vina draiva ndani yake: ufunguo wa USB wa leseni ya programu ya uhasibu, programu ya VPN, kinga ya virusi, programu ya kunakili CD. Kila kimoja kinahitaji toleo lake la biti 64.

Kwenye Linux mambo ni mepesi, kwa sababu draiva nyingi zimo ndani ya kiini chenyewe. Washa kwanza mfumo kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, na kuilaza na kuiamsha mashine. Nusu saa ya majaribio hayo inatosha.

Hatua ya 5: Programu

Gawa programu zako katika mafungu matatu.

Za biti 16, za DOS na Windows 3.1, hazitaanza kabisa kwenye Windows ya biti 64. Sehemu ya mfumo iliyokuwa ikiziendesha, NTVDM, haimo. DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, hutatua za DOS. Zilizobaki ziwekee mashine pepe (kompyuta ya kuigwa ndani ya programu) yenye Windows ya zamani ya biti 32. Kuna mtego mdogo: programu nyingine za miaka ya 1990 zenyewe ni za biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Zikikataa, usizikatie tamaa. Nakili folda yake kutoka mashine ya zamani uijaribu hivyohivyo.

Za biti 32 zitafanya kazi, kwa sharti moja: mchakato mmoja hauwezi kuchanganya biti. Programu-jalizi ya biti 32 haitapakiwa ndani ya Office ya biti 64. Ikiwa unaitegemea, weka Office ya biti 32 juu ya Windows ya biti 64. Inaruhusiwa na inafanya kazi. Kwenye hifadhidata, injini ya Jet 4.0 ya mafaili ya Access ya zamani ipo ya biti 32 tu, hivyo programu ya biti 64 itakuambia haijasajiliwa hata kama unaiona diskini. Mipangilio ya ODBC (njia ya programu kuunganishwa na hifadhidata) nayo iko ya aina mbili. Ile ya biti 32 inafunguliwa kwa C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Naam, mafaili ya biti 32 yamo ndani ya SysWOW64 na ya biti 64 yamo ndani ya System32. Majina yako kinyume, na wapo waliofuta SysWOW64 wakidhani ni takataka, wakavunja kila programu ya biti 32.

Kwenye Debian na Ubuntu, maktaba za biti 32 huongezwa hivi:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386

Usipofanya hivyo, ukijaribu kuendesha programu ya biti 32 utajibiwa "No such file or directory" ilhali faili unaliona mbele yako. Kinachokosekana ni kipakiaji /lib/ld-linux.so.2 ambacho programu inakiita kabla ya kuanza. Amri ya file ikifuatiwa na jina la programu itakuonyesha ni ya biti ngapi.

Hatua ya 6: Tazama nani bado anahudumia biti 32

Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni ya biti 64 peke yake. Windows 10 ndiyo ya mwisho kuwa na biti 32, na huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Fedora iliacha kutoa taswira (mafaili ya kusakinishia) za biti 32 mwaka 2019. Debian 12 ya mwaka 2023 ilikuwa bado na kisakinishi cha biti 32, lakini Debian 13 ya Agosti 2025 haina kisakinishi wala kiini chake; i386 imebaki humo kwa ajili ya kuendesha programu za zamani juu ya mashine ya biti 64. Kwa wenye vichakataji visivyoweza kabisa, Alpine, NetBSD na OpenBSD bado zina matoleo yao.

Liko pia suala la tarehe. Saa inayohesabu sekunde kwa namba ya biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038, sekunde moja baada ya saa 03:14:07 UTC. Debian 13 ilihamisha miundo yote ya vichakataji inayoihudumia kwenye muda wa biti 64 isipokuwa i386. Mashine inayoendesha mtambo, na ambayo hakuna aliye na mpango wa kuigusa kwa miaka kumi, ihesabiwe kwa tarehe hiyo.

Hatua ya 7: Kuhama

Hakuna njia ya kupandisha Windows ya biti 32 iwe ya biti 64 bila kufuta. Lazima usakinishe upya.

1. Nakili data kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili machache kutoka hukohuko uhakikishe yanafunguka. Kwenye Linux, hifadhi /home na orodha ya vifurushi: apt-mark showmanual > orodha.txt. Mwenye hifadhidata ya PostgreSQL asinakili folda ya data, kwa kuwa haihamishiki kati ya biti 32 na 64. Atoe kwa pg_dumpall.

2. Hakikisha toleo la Windows. Leseni ya Windows 10 iliyokwishaunganishwa na mashine hutambulika tena kwenye biti 64 ilimradi toleo ni lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro.

3. Pakua taswira ya ISO na uhakiki alama yake ya SHA256: certutil -hashfile jina.iso SHA256 kwenye Windows, sha256sum jina.iso kwenye Linux. Herufi moja ikitofautiana na alama iliyo kwenye ukurasa wa kupakua, pakua upya.

4. Andaa flashi ya GB 8 au zaidi. Kwenye Windows tumia Rufus. Kwenye Linux, andika lsblk kwanza ujue flashi ni ipi, ndipo utumie dd kuiandikia taswira. Ukikosea herufi moja ya jina la diski, umefuta diski. Ukinakili mafaili ya Windows kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, huenda install.wim ikakataa kwa kuzidi GB 4. Hapo kikomo ni cha FAT32, hakihusiani na biti za mfumo, ingawa namba zinafanana.

5. Washa kutoka kwenye flashi na usakinishe. Kisakinishi cha Windows kikikataa diski kwa sababu ya MBR (mpango wa zamani wa kugawanya diski), umeiwasha flashi kwa UEFI ilhali diski iligawanywa kwa BIOS ya kizamani. Ama uiwashe flashi kwa njia ya kizamani, ama ufute sehemu zote za diski na kuiacha igawanywe upya kwa GPT, mpango mpya.

6. Weka draiva ya mtandao, kisha ya chipseti, kisha ya michoro, halafu zilizobaki. Maliza masasisho ya mfumo ndipo uweke programu.

7. Hakiki. Kwenye Linux tumia dpkg --print-architecture, kwa sababu kiini cha biti 64 kinaweza kuwa kimebeba programu zote za biti 32 juu yake, na uname -m haitakuambia hilo.

Ukikutana na ujumbe "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU", ama uliruka hatua ya 1, ama uko ndani ya mashine pepe. Kwenye mashine pepe, ingia BIOS ya kompyuta yenyewe uwashe VT-x au AMD-V (msaada wa kichakataji kwa mashine pepe), kisha ubadilishe aina ya mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, iwe ya biti 64.

Kama una diski ya ziada, usiifute ile ya zamani. Ichomoe, sakinisha kwenye nyingine, na ya zamani ikae kando walau mwezi mmoja, hadi kila printa, kila ripoti ya mwisho wa mwezi na kila programu inayofunguliwa kwa nadra iwe imepita kwenye mfumo mpya.